Wimbo wa Kale, Wimbo Mpya, Kwaya Moja

Hotuba ya wanakwaya katika sherehe ya Jubilei ya miaka 50

 

Tumepewa dakika chache za kusema, nasi hatukuzoea kusema, tumezoea kuimba. Shukrani zetu kwa wote waliotufikisha hapa mtazisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tungependa kuwaeleza jambo moja lililokaribia kutuvunja, ili kwaya zitakazofika miaka 50 baada yetu zisijikwae pale tulipojikwaa.

Jambo lenyewe ni uchaguzi wa nyimbo. Kuna wakati kwaya hii ilikuwa na pande mbili. Wakubwa walitaka Tenzi za Rohoni na nyimbo za mwalimu wetu wa kwanza, zenye sauti nne. Vijana walitaka nyimbo mpya, kinanda cha umeme, ngoma na kucheza. Mazoezi ya Ijumaa yakawa ya kubishana. Jumapili moja vijana kumi na mmoja hawakuvaa majoho. Waliketi viti vya nyuma wakatutazama tukiimba. Tuliosimama mbele tukaambiana, "Waacheni, watarudi." Miezi mitano ikapita.

Kilichotuamsha ni msiba. Mama mmoja aliyeimba nasi tangu mwanzo aliitwa na Bwana, na jamaa zake wakaomba wimbo mmoja tu kaburini: ule aliotunga mwalimu wetu wa kwanza, ambao marehemu aliupenda. Tukajibu kwamba huo tunaujua. Jioni ya kuamkia mazishi tulikutana kuupitia. Sauti ya kwanza ilikuwapo. Sauti ya pili ilijulikana na mama mmoja peke yake. Wa sauti ya tatu walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na yake. Besi haikuwa na mtu. Daftari la solfa liliazimwa zamani, halikurudi. Kesho yake tukauimba wimbo ule kwa sauti moja, tena kwa kubabaika, mbele ya jeneza la mtu aliyeujua wote.

Tuliona aibu kubwa. Sisi tuliojiita walinzi wa nyimbo za kale ndio tuliozipoteza. Tulizipenda kwa maneno, lakini kwa miaka mingi hatukuzifanyia mazoezi, kwa sababu kila mara tulisema, "Hiyo twaijua." Vijana hawakuchoka na tenzi. Walichoka na namna yetu ya kuziimba.

Baada ya mazishi, mmoja wa wale kumi na mmoja alimwendea yule mama wa sauti ya pili akamwomba amwimbie polepole, huku akimrekodi kwa simu. Ni kijana huyohuyo aliyetuonyesha, siku nyingine, video ya bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Ohio State, huko Marekani. Wengine wetu tulicheka. Bendi ya uwanja wa mpira na kwaya ya kanisa, wapi na wapi? Lakini tulipoelezwa habari zake tulinyamaza.

Bendi hiyo ilianza mwaka 1878, na tangu 1934 ni ya tarumbeta za aina zote na ngoma peke yake. Mwaka 1936 ilianza desturi inayopendwa hadi leo: wanabendi hutembea kwa mstari mmoja, wakipiga wimbo wa zamani wa jeshi la Ufaransa, mpaka miili yao inaandika neno "Ohio" uwanjani. Mwisho mpigaji mmoja wa tarumbeta lile kubwa linalozungushwa mwilini hutoka mbele na kusimama juu ya herufi i kama nukta yake. Watu huisubiri nukta hiyo kama sisi tunavyousubiri wimbo wa Krismasi.

Bendi hiyohiyo, mwaka 2012, ilipiga muziki wa michezo ya video, na wanabendi wakajipanga kuwa farasi anayekimbia. Mwaka uliofuata walikuwa umbo la mtu mkubwa akiteleza kinyumenyume, mtindo wa Michael Jackson. Dunia nzima ikawatazama. Neno la Ohio halikufutwa ili farasi apate nafasi, wala farasi hakukatazwa kwa heshima ya neno la Ohio.

Mambo mawili yalitugusa zaidi. Kwanza, mwaka ule wa 1936 nukta haikuwekwa na mpigaji wa tarumbeta kubwa. Iliwekwa na mpigaji wa tarumbeta ndogo, na badiliko likaja baadaye. Kwa hiyo hata desturi ile ilirekebishwa kabla ya kukaa. Pili, kila mwaka wanabendi wote hupimwa upya, hata wa zamani. Hakuna anayeingia kwa kusema, "Mimi nilikuwapo."

Tulijifunza pia kwamba si kila kilicho cha kale ni urithi. Katika Chuo Kikuu cha Florida A&M, mwalimu William P. Foster aliongoza bendi kuanzia 1946 hadi 1998, akaleta miziki na hatua mpya, na mwaka 1989 bendi yake ikapiga mjini Paris katika sherehe za miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Huo ni urithi. Lakini ndani ya bendi ilikuwapo pia mila ya kuwapiga wanabendi ili wakubaliwe na wenzao. Mwaka 2011 kijana mmoja alifariki kwa kipigo hicho ndani ya basi, na bendi ikasimamishwa hadi 2013. Sisi hatukumpiga mtu, ashukuriwe Mungu. Lakini tulikuwa na kanuni isiyoandikwa kwamba mgeni hubeba viti na vyombo mwaka mzima bila kuulizwa maoni, na tuliiita heshima. Tumeiacha. Sasa viti tunabeba sote.

Ndugu zetu, nyimbo za kale zilikuwa mpya siku moja. Solfa tunayojivunia ilienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, ikaletwa huku na wamisionari. Wazee wetu waliijifunza wakiwa wanafunzi, kama kitu kigeni. Ngoma, ambayo ni ya kwetu zaidi, ilikatazwa katika makanisa mengi, na iliporudi wako waliosema ibada imeharibika. Leo wapo wazee wanaoitetea ngoma dhidi ya kinanda cha umeme! Hata wimbo wetu wa taifa tunaosimama kwa heshima kuuimba ulitengenezwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Sauti ya mama wa kando ya Mto Tana, maneno mapya, na taifa zima likasimama. Zaburi ya 96 inatuita tumwimbie Bwana wimbo mpya, na zaburi yenyewe ni ya kale mno. Na katika Mathayo 13:52 Bwana wetu anamsifu mwenye nyumba ambaye akiba yake ina vitu vya zamani na vipya, na vyote anavitoa vitumike.

Basi tulikaa chini pamoja, wakubwa na vijana, tukaafikiana mambo matatu.

Kwanza, tumechagua nyimbo kumi na mbili ambazo kila mwanakwaya lazima aijue sauti yake bila karatasi. Kila Januari tunasikilizwa mmoja mmoja, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Mwaka jana mwenyekiti alirudia mara mbili.

Pili, kila mwezi tunajifunza wimbo mmoja mpya, na yeyote anaweza kuuleta, awe na miaka 16 au 70. Tunauimba Jumapili tatu. Waumini wakiuitikia, unakaa. Wasipouitikia, tunauweka kando bila kumlaumu aliyeuleta.

Tatu, wimbo wa kale hauimbwi kanisani kabla ya kufanyiwa mazoezi wiki hiyo, kama wimbo mpya. Neno "hiyo twaijua" tumelifungia.

Hatusemi kwamba tumemaliza kila kitu. Kelele ya kinanda bado inajadiliwa, na mzee wetu mmoja wa besi huja na pamba za masikio mfukoni. Lakini Ijumaa tunacheka tena.

Kati ya wale vijana kumi na mmoja, wanane wamerudi na mmewaona wakiimba asubuhi ya leo. Watatu hawakurudi. Kama mmekuja kati ya wageni, au kama kijitabu hiki kitawafikia mahali mlipo, tunasema mbele ya kanisa: tulikosea. Hatukuwasikiliza. Tunawaomba msamaha, na majoho yenu yangali kabatini.

Sasa tutauimba ule wimbo wa mwalimu wetu wa kwanza. Sauti ya kwanza ni kama alivyotufundisha. Sauti ya pili imetoka katika simu ya yule kijana, kama alivyoimba mama yetu. Sauti ya tatu ni mapatano ya wale wazee wawili. Besi ya mwalimu hatukuipata kamwe, ikapotea mikononi mwetu. Kijana huyo ameandika nyingine, na ninyi mlioisikia ya kwanza mtaitambua tofauti. Msikasirike. Mkitoka hapa, yule anayeikumbuka hata mistari miwili atuimbie. Daftari jipya tumelinunua, na safari hii haliazimwi.

Mungu awabariki. Wanakwaya, tusimame.