Jogoo Mzuri Si Hakika ya Vifaranga Wazuri

Nasaha kwa wafugaji wa kuku wa asili kuelekea Nane Nane



Kila yanapokaribia maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, huulizwa swali moja: nikimnunua jogoo aliyewavutia watu maoneshoni, je, nitapata vifaranga wanaofanana naye? Swali hili ni zito, kwa kuwa wapo wanaouza mbuzi ili wampate Kuchi mmoja mrefu. Vifaranga wakikua tofauti na matarajio, muuzaji huitwa tapeli na ujirani huharibika. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna aliyedanganya. Ndivyo urithi unavyofanya kazi.

Mtazameni kuku kishingo. Wapo wenye shingo tupu kabisa, na wapo wenye kishungi cha manyoya upande wa mbele wa shingo. Huyu wa kishungi amepokea urithi wa kishingo kutoka kwa mzazi mmoja tu. Ukimpandisha jogoo wa kishungi kwa tetea wa kishungi, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne atakuwa na shingo iliyojaa manyoya, wawili watakuwa na kishungi, na mmoja atakuwa na shingo tupu. Nasema kwa wastani, kwa sababu kila yai lina bahati yake. Katika vifaranga wanane unaweza kupata wanne wenye manyoya, au usipate hata mmoja.

Hilo ni umbile linaloongozwa na kinasaba kimoja. Urefu, uzito na wima wa Kuchi huongozwa na vinasaba vingi kwa pamoja, tena hutegemea chakula, maradhi na matunzo ya utotoni. Ndiyo maana watoto wa jogoo mkubwa kupita kiasi kwa kawaida humzidi kuku wa wastani, lakini hawamfikii baba yao. Aidha, nusu ya urithi hutoka kwa tetea, ambaye wengi wetu hatumchagui kabisa.

Kwa kuku chotara kama Kuroiler wa kutoka India na Sasso wa kutoka Ufaransa, tahadhari ni kubwa zaidi. Ulinganifu wao hutokana na uchanganyaji wa makusudi wa koo mbalimbali. Wakizaliana wenyewe nyumbani, vifaranga hutawanyika kwa umbo, rangi na uzito.

Tufanye nini basi? Kwanza, kabla ya kununua jogoo, omba kuwaona wazazi na ndugu zake. Jogoo wa wastani anayetoka katika ukoo ulio sawasawa ni salama kuliko jogoo mzuri aliye peke yake. Pili, chagua matetea kwa uangalifu uleule. Tatu, wawekee vifaranga alama ya uzi mguuni, na uandike katika daftari wazazi wao. Legeza uzi huo kadiri wanavyokua. Nne, angulisha wengi ubakize wachache. Waliosalia si hasara. Ni kitoweo na ni fedha, na soko la kuku wa kienyeji wa Singida na Dodoma lipo hadi Dar es Salaam. Tano, usimwache jogoo akapanda mabinti zake, kwani udhaifu uliojificha katika ukoo hujitokeza kwa njia hiyo.

Kuku wa maonesho huandaliwa mapema. Mayai huatamiwa kwa siku 21. Hivyo vifaranga wa Oktoba hadi Desemba ndio watakaokuwa wamekomaa ifikapo Agosti. Kuku anayetoka maoneshoni atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, itolewe kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa huo huweza kufagia banda zima pamoja na juhudi za miaka. Kwa ushauri, mwoneni Afisa Mifugo wa Kata.

Ndugu wananchi, fedha ya mbuzi mmoja ni sare na madaftari ya mtoto. Msiiweke yote juu ya kilemba cha jogoo mmoja. Iwekeni katika ukoo wa kuku mnaoufahamu, nanyi muuboreshe kizazi hadi kizazi.