Mgeni ni Nani Miongoni Mwetu?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wapenda mageuzi, Kawangware)



Nimesimama hapa kuungama. Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi, nilipanga chumba Kibera kwa mzee mmoja Mnubi. Kila nilipomlipa kodi nilinung'unika moyoni: huyu ametoka Sudan, kwa nini anitoze fedha katika nchi yangu? Oktoba 1995, wenye nyumba Wanubi na wapangaji walipopigana, nilichagua upande kabla ya kuuliza neno.

Baadaye mzee yule alinikaribisha chai, akanieleza. Babu zake waliletwa na Waingereza wakiwa askari wa Keya. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea ekari 4,197 mahali walipopaita Kibra, yaani msitu. Ardhi hiyo ilimegwa miaka nenda miaka rudi. Hati waliyokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288 tu. Vijana wao, waliozaliwa hapa kama wazazi wao, walihojiwa na kamati za uchunguzi kabla ya kupewa vitambulisho. Mimi niliyeshuka basi juzi ndiye niliyemwita mgeni mtu aliyezaliwa pale!

Nilihamia huku Kawangware, nikawa jirani wa Wakongo na Wanyarwanda waliokimbia vita. Nikasikia lawama zile zile: wanatunyang'anya kazi, wanapandisha kodi. Safari hii niliuliza kwanza. Nikamkuta mama aliyefiwa na mume njiani, anayeshona nguo ili wanawe wasome. Hakuna alichoninyang'anya.

Ndugu zangu, jina la mgeni halina mwenyewe, humfikia yeyote. Desemba 1991 tulishangilia Kifungu cha 2A kilipofutwa. Lakini katika mapigano ya Bonde la Ufa ya miaka ile ile, Wakenya wenzetu waliitwa madoadoa, wakafukuzwa katika mashamba waliyoyanunua. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, majirani walichomeana nyumba humu Kawangware na kule Kibera, na maelfu ya Wakenya wakavuka mpaka kuingia Uganda. Huko, wao ndio waliokuwa wakimbizi.

Waisraeli waliagizwa wampende mgeni kwa sababu nao waliwahi kuwa wageni Misri. Bwana wetu mwenyewe, akiwa mtoto mchanga, alikimbizwa huko huko. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mageuzi ni wingi wa vyama pekee. Nchi yenye vyama vingi, huku jirani akiogopa kutaja alikotoka, bado haijabadilika.

Nawaomba jambo moja. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu abishe hodi kwa jirani anayemwita mgeni, aketi, amwulize: ulifikaje hapa? Kisha anyamaze, asikilize.

Mzee wangu wa Kibera amekwisha kufariki. Nilimwomba radhi angali hai, akanipa mkono. Nanyi msichelewe.

Mungu atubariki sote.