Nani anashika kengele ya ulimi wetu?

Masomo: Yakobo 3:1-12, 2 Samweli 12:1-13



Leo tunaanzia mbali, katika nchi ya Uingereza, na tunaanza na kipindi cha radio cha kuchekesha watu. Msishangae. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwa chachu ya mama anayekanda unga, kwa wavu wa mvuvi, hata kwa watoto wanaocheza sokoni. Nasi tunaweza kujifunza kwa watu wazima wanaocheza mbele ya mikrofoni.

Kipindi hicho kinaitwa Just a Minute, maana yake Dakika Moja Tu. Kilianza katika radio ya BBC mwezi wa 12 mwaka wa 1967, na kimedumu zaidi ya miaka 50. Wachezaji wanne wanaketi pamoja na mwenyekiti. Mwenyekiti anampa mmoja wao jambo la kuzungumzia, kubwa au dogo. Huyo anapaswa kulisema kwa dakika moja, sekunde 60, akishika amri tatu: asisite, asirudie neno, asitoke nje ya jambo.

Wenzake kila mmoja ana kengele mbele yake. Wakisikia kosa wanabonyeza, na msemaji ananyamaza papo hapo. Mwenyekiti anaamua. Kama aliyebonyeza ana haki, anapata alama moja na kulichukua jambo kwa sekunde zilizobaki. Kama hana haki, alama ni ya yule aliyekatizwa, naye anaendelea. Sekunde zikiisha, filimbi inapigwa.

Mtu atasema: dakika moja ni kitu gani? Jaribuni nyumbani jioni ya leo. Wachezaji wenyewe ni watu ambao kazi yao ni kusema na kuchekesha, lakini mara nyingi kengele inawakamata kabla ya filimbi. Hapo ndipo Yakobo anapotukuta. Anasema kwamba mwanadamu amefuga wanyama na ndege wa kila namna, lakini ulimi wake mwenyewe umemshinda. Wazee wetu nao walisema ulimi hauna mfupa.

Aliyebuni mchezo huo ni Ian Messiter. Alipokuwa mwanafunzi, mwalimu alimwona akili yake imetoka darasani. Akamwamuru arudie yote yaliyosemwa katika dakika iliyopita, bila kusita wala kusema jambo mara mbili. Miaka mingi baadaye yule mtoto aliichukua adhabu ile, akaifanya kuwa mchezo wa kufurahisha watu. Onyo la zamani linaweza kuzaa furaha, kama moyo haukushika kinyongo.

Sasa tuzipime zile amri tatu kwa Neno la Mungu.

Ya kwanza, kusita. Hapa Biblia inatutenganishia mambo mawili. Yakobo anatufundisha kuwa wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Huko ni kusita kwema. Lakini Yesu anataka ndiyo yetu iwe ndiyo na hapana yetu iwe hapana. Anayeulizwa juu ya pesa za kanisa, akaanza kukohoa na kuzunguka, kengele yake imekwisha kulia.

Ya pili, kurudia. Yesu alituonya tusidhani kwamba Mungu atatusikia kwa wingi wa maneno. Tena Mezali 17:9 inafundisha kwamba anayerudia-rudia jambo la kosa anawatenga marafiki. Ni mara ngapi ugomvi uliokwisha mbele ya wazee unafufuliwa kwenye bomba la maji, kwa sababu mtu mmoja aliurudia? Neno lililosamehewa halina haja ya kusemwa mara ya pili.

Ya tatu, kutoka nje ya jambo. Mke anauliza karo ya watoto, mume anajibu juu ya ndugu za mke. Kijana anaomba shauri, tunampa historia ya ujana wetu. Tunakimbia jambo lenyewe kwa sababu linatugusa.

Lakini wandugu, kitu kikubwa katika mchezo ule ni kengele. Ni kwamba yeyote anayesema anajua yuko mwingine mwenye ruhusa ya kumsimamisha. Mchezaji hodari na mchezaji mgeni, wote wanakatizwa. Wanalalamika, wanacheka, kisha wanaendelea kuketi meza moja. Kengele haiharibu furaha yao. Bila kengele hakuna mchezo.

Sisi watu wa Maziwa Makuu tunajua radio isiyo na kengele inafanya nini. Jirani yetu Rwanda, mwezi wa 7 mwaka wa 1993, ilianza kusikika radio iliyoitwa RTLM. Watu waliipenda. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji walizungumza kama marafiki kwenye meza ya kinywaji, walitania, walichekesha. Na katikati ya kicheko waliwaita Watutsi mende. Mwaka wa 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, radio hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipo, na wauaji walisikiliza. Mwaka wa 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wawili wa waanzilishi wake. Hukumu ilikuja, lakini wafu hawakurudi.

Basi si kila kicheko ni cha mbinguni. Kuna kicheko cha watu wanaokatizana na kubaki ndugu, na kuna kicheko cha watu wanaomcheka yule asiye na nafasi ya kujibu. Ukitaka kuvipambanua, uliza: anayechekwa, ana kengele? Anaweza kusema hapana, si hivyo? Mzaha juu ya kabila la jirani unaosemwa kwenye kombi, au ule unaopita sasa katika simu zetu, uupime kwa swali hilo kabla ya kuutuma kwa mwingine.

Mfalme Daudi alikuwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumkatiza. Alimchukua mke wa Uria, akamwua Uria, na jumba lote likanyamaza. Mungu alimtuma Nathani. Nathani hakupiga kelele. Alisimulia habari ya maskini na kondoo wake mmoja, na mfalme alipokasirika, nabii akamwonyesha kwamba habari ile ni yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kengele. Ukuu wa Daudi siku hiyo ulikuwa katika kuikubali: hakumfunga nabii, alikiri dhambi yake.

Tujiulize, kila mmoja mahali pake. Papa, nani nyumbani mwako anaweza kukuambia, kwa heshima, kwamba neno lile halikufaa? Mama, watoto wako wanaweza? Mchungaji, wazee wa kanisa wanaweza, au kila anayeuliza anaitwa mwasi? Sisi wa radio tunajiuliza vilevile, maana tunasema na ninyi hamwezi kutujibu papo hapo. Anayeshika mikrofoni anahitaji kengele kuliko wote.

Na aliye mwenye kengele, asiigeuze rungu. Wagalatia 6:1 inatuagiza kumwinua aliyekosa kwa roho ya upole. Nicholas Parsons, aliyekuwa mwenyekiti wa kipindi kile toka mwanzo mpaka karibu na kufa kwake mwaka wa 2020, akiwa na miaka 96, hakukitaka kiti hicho. Alitamani kuwa mchezaji. Alikikalia zaidi ya miaka 50. Wachezaji walibishana naye, walimtania, naye aliwaachia wamcheke. Aliyebonyeza bila haki lakini kwa maneno ya kufurahisha aliweza kumpa alama, bila kumnyang'anya msemaji zamu yake. Kiongozi anayekubali kuchekwa kidogo hahitaji kuogopwa.

Wiki hii, katika nyumba na katika shirika zenu, fanyeni jambo moja. Chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie: nakupa kengele juu ya ulimi wangu. Nikisema uongo, nikirudia kosa la mwenzangu, nikimdharau mtu, unisimamishe. Na siku atakapobonyeza, usikasirike. Nyamaza kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, weka mlinzi mlangoni pa kinywa chetu. Utupe akina Nathani, na utupe moyo wa kuwasikia. Takasa kicheko chetu, kisimwumize aliye mdogo. Na dakika yetu itakapokwisha hapa duniani, utukute tunasema kweli. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.