Maharagi Yetu, Nguvu Yetu

Wasikilizaji wetu wa Masisi na Walikale, leo tunaongea juu ya maharagi, chakula kinachosaidia kuwakinga watoto na bwaki, yaani utapiamlo wa kukosa protini.

Nchi haiwezi kujilisha bila mbegu nzuri. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, hutafiti mbegu katika kituo chake cha Mulungu, zikiwemo zenye madini ya chuma kwa wingi. SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, huzikagua na kuzithibitisha. Mnaponunua, tafuteni alama yake kwenye mfuko. Maharagi yanayopanda juu yasimikieni miti: huzaa zaidi ya yale mafupi.

Lakini mbegu pekee hazitoshi; kilimo kinahitaji pia fedha. Mwaka 2003, kule Maputo, Msumbiji, serikali za Afrika ziliahidi kukipa kilimo 10% ya bajeti. Tuidai ahadi hiyo kupitia vyama vya wakulima, pamoja na usalama mashambani na barabara za kufikisha mavuno sokoni.