Jicho Likiuma, Litazamwe Ndani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Takaungu)

Leo tuzungumze juu ya macho.

Hapa kwetu mvuvi hushinda juani baharini, na mkulima hupigwa na vumbi. Basi mtu akiamka na jicho jekundu twasema, "Ni upepo tu, litapoa." Mara nyingi hupoa kweli. Lakini kuna jicho jekundu lisilopoa, nalo likipuuzwa mtu hupofuka.

Tutofautishe. Macho mekundu ya kuambukizana huwasha na kutoa tongotongo, lakini mtu kwa kawaida aona vizuri. Ugonjwa tunaousema leo ni uvimbe wa ndani ya jicho. Madaktari huuita yuveitisi. Jicho huuma, huogopa mwanga, na mtu huona ukungu au vidoa vinavyoelea. Tena uvimbe ukiwa nyuma kabisa, huenda jicho lisiwe jekundu wala lisiume. Uoni tu ndio hupungua. Sasa jamani, kwa nje utaujuaje? Ni lazima jicho litazamwe ndani.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwanga. Hapo mishipa ya damu huonekana wazi bila kupasua mwili. Kwa hiyo jicho hutoa siri hata za magonjwa mengine. Huko Blantyre, Malawi, mwaka 2004 madaktari walitoa habari za watoto 31 waliokufa wakidhaniwa wana malaria ya ubongo. Walipochunguzwa baada ya kufa, 7 walikuwa wameuawa na jambo jingine. Dalili iliyowatenganisha walipokuwa hai ilikuwa ndani ya jicho, kwenye retina. Hapa Kilifi pia, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamechunguza retina za watoto waliopoteza fahamu kwa malaria.

Kwa yuveitisi ni hivyo hivyo. Picha ya retina huonyesha madoa ya uvimbe, makovu, au mishipa iliyovimba. Picha hubaki. Mgonjwa akirudi, ya leo hulinganishwa na ya mwezi uliopita, na daktari hujua kama dawa yafanya kazi. Tena yaweza kutumwa kwa daktari bingwa aliye mbali. Huko Nakuru, mradi uitwao Peek ulijaribu kifaa cha kuvisha simu ya mkononi. Mtu asiye na ujuzi wa macho alifundishwa kupiga picha za mshipa wa fahamu wa jicho. Zilisomwa na wataalamu wa hospitali ya Moorfields, London, na matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kwamba zilikaribiana na za kamera kubwa.

Lakini tusidanganyane: picha si dawa. Uvimbe ukiwa mwingi, ndani huwa na ukungu na picha haitoki vizuri. Pia picha peke yake mara nyingi haitaji chanzo. Chanzo chaweza kuwa kifua kikuu, kaswende, au kijidudu cha toksoplasma kipatikanacho katika mavi ya paka na nyama isiyoiva. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana aweza kuharibika retina bila maumivu. Wengine hawapatikani na chanzo chochote. Kwa hiyo daktari akitaka kupima damu au kifua, msishangae mkasema, "Nimekuja na jicho, mbona wanitoa damu?"

Jambo la kushika sana ni hili: msinunue dukani dawa ya matone ya steroidi, wala msiazimane chupa. Dawa hiyo daktari huitumia kwa yuveitisi, lakini kwa jicho lenye kidonda yaweza kuharibu kioo cha jicho, na ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi huongeza shinikizo ndani ya jicho.

Mwenye dalili aende siku hiyo hiyo dispensari au hospitali ya Kilifi, aulize kitengo cha macho. Asiende peke yake. Akitiwa matone ya kupanua mboni ataona ukungu kwa saa kadhaa, na hapaswi kuendesha pikipiki. Hapo ndipo kikundi huingia. Nauli ya mtu na msindikizaji wake ni kidogo kuliko kumlisha baba wa nyumba aliyepofuka.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Je, kuna mwenzetu ambaye jicho lake limeuma au uoni wake umepungua, naye amenyamaza?
2. Katika mchango wetu, twaweza kutenga kiasi gani kiwe nauli ya dharura?
3. Nani kati yetu atakuwa msindikizaji, na nani atamfuatilia mgonjwa arudi kliniki hata akijisikia nafuu?