Peke yake kwa baiskeli katika nchi ya watu



Njia panda ya Himo humfunza mengi mtu mwenye subira ya kusimama na kutazama. Barabara moja inapanda Marangu, nyingine inakwenda Mwanga na Same kuelekea Tanga na Dar es Salaam, na nyingine inaelekea mashariki hadi Holili, mpakani mwa Kenya. Mara kwa mara, katikati ya mabasi na malori, hupita mtu mmoja juu ya baiskeli iliyosheheni mifuko mbele na nyuma, uso umeiva kwa jua, hana mwenzake. Watoto humkimbilia, watu wazima hutikisa vichwa. Wanaulizana: mtu huyu, mwenye nauli ya ndege, anatafuta nini juani?

Swali hilo ni halali, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni kwa nini msafiri huyo aghalabu ni mgeni anayeingia, na ni nadra kumwona kijana wa Vunjo au wa Machame anayetoka.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, Thomas Stevens, alizaliwa Uingereza akahamia Marekani. Tarehe 22 Aprili, 1884 aliondoka San Francisco juu ya baiskeli ya kale, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema. Alifika Yokohama, Japani, Desemba, 1886. Miguu haikumshinda, kilichomsumbua ni mipaka. Warusi walimkatalia kupita Siberia, na Waafghani walimkamata wakamrudisha alikotoka, ikambidi azunguke kwa njia ya bahari hadi India. Mwaka 1889 gazeti la New York lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, naye akafika hadi pande hizi za Kilimanjaro, safari hiyo akiwa na msafara wa wapagazi.

Hiyo bastola isipite hivi hivi. Stevens alikuwa peke yake barabarani, lakini nyuma yake zilikuwapo balozi za mataifa makubwa, magazeti yaliyomlipa, na heshima ya kuogopwa. Upweke wa namna hiyo una bima. Kazimierz Nowak, Mpolandi, hakuwa na bima ya kiasi hicho. Kazi ilikuwa haipatikani kwao. Akamwacha mke na watoto wawili, na mwishoni mwa mwaka 1931 akaanza safari kutoka Tripoli, akitegemea kuuza picha na makala magazetini. Alivuka Afrika kutoka kaskazini hadi ncha ya kusini, akipitia Uganda, Rwanda na Kongo, kisha akageuza akarudi kwa njia nyingine hadi Algiers, alikofika mwaka 1936. Jumla yake ni kilomita zipatazo 40,000, nyingi kwa baiskeli, nyingine kwa miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Katika maandiko yake hakuuficha ukatili wa wakoloni aliouona. Malaria ilimwandama njia nzima. Alirudi nyumbani akiwa amechakaa, akafariki Oktoba, 1937, akiwa na umri wa miaka 40.

Basi na isemwe waziwazi kwamba safari hii si mchezo. Shida za mwili zinajulikana na hazihitaji maneno mengi: tandiko linalochubua, miiba ya migunga inayotoboa tyubu, maji yanayokwisha kabla ya kijiji, dereva wa basi asiyemhesabu mwenye baiskeli kuwa mtumiaji wa barabara. Mtu mwenye spana, pampu, viraka na gundi atajimudu. Shida kubwa zaidi ni ile isiyotiwa mfukoni. Watu wawili wakisafiri, mmoja huingia dukani, mwingine hulinda baiskeli. Aliye peke yake hawezi hata kwenda msalani bila kumkabidhi mtu asiyemjua kila alicho nacho duniani. Akiugua usiku katika nyumba ya wageni, hana wa kumpelekea habari. Akipotea njia, hana wa kushauriana naye, wala wa kumlaumu. Kila siku, tena mara kadhaa kwa siku, hana budi kumwamini mtu.

Kwa ajabu, hapo hapo ndipo penye furaha ya safari hiyo. Mtu wa basi hupita kijiji. Mtu wa baiskeli hukiingia, kwa sababu kiu imemlazimisha. Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland, alipokwisha kutimiza miaka 60, alisafiri mwaka 1992 kwa baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe, akipita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Alikuwa ametoka kupumzika tu. Lakini kila alipoketi kunywa chai, watu walimweleza msiba mmoja, na kitabu alichokitoa mwaka 1993 kikabeba jina la msiba huo kwa Kiswahili: The Ukimwi Road. Mtaalamu mwenye gari na fomu za kujaza huenda asingeambiwa hata robo ya hayo. Kikongwe aliyejaa vumbi, anayesukuma baiskeli mlimani, hamtishi mtu.

Wapo pia waendao kwa kasi. Mwaka 2015 Mskoti Mark Beaumont alitoka Cairo hadi Cape Town, peke yake, kwa siku 42. Ni ajabu ya misuli, na anastahili pongezi. Ila mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa siku haumwachii mtu nafasi ya kukaribishwa mtori.

Sasa tumfikirie mwalimu wa hapa Moshi katika likizo yake. Hana haja ya kwenda Cairo. Ugenini kwake ni Taveta, mwendo wa asubuhi moja. Kati ya Februari, 1977 na Novemba, 1983 safari hiyo isingewezekana: mpaka ulikuwa umefungwa, na mtu wa Holili aliweza kuona moshi wa majiko ya Taveta asiweze kwenda kumpa pole ndugu yake aliyefiwa. Leo Jumuiya imefufuka, na maofisa wa pande mbili hukagua hati katika kituo cha pamoja. Barabara ya kutoka Taveta kwenda Mwatate, iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, sasa ina lami.

Zaidi ya hayo, mwalimu huyu ana kitu ambacho Stevens hakukinunua kwa bastola yake wala Nowak kwa uvumilivu wake. Anaweza kuuliza maji, njia, bei na mahali pa kulala kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili, hapo Taveta, na Voi, na Mombasa, na siku nyingine akijaliwa, hata Goma na Bukavu. Atachekwa kwa lafudhi, naye atacheka ya wenzake, na kicheko hicho ni nusu ya kukaribishwa.

Kinachomzuia ni nini, basi? Fedha, ndiyo, na ruhusa ya mkuu wa kazi. Lakini kipo na kingine ambacho hakisemwi ofisini. Baiskeli miongoni mwetu imeachiwa mbeba ndizi na muuza maziwa. Karani akipata cheo, jambo la kwanza ni kuiacha Phoenix yake uani ipate kutu. Hiyo ni kasumba, na imewanyima watu wengi wenye elimu nafasi ya kuijua nchi ya jirani kwa macho yao wenyewe.

Uko pia woga wa kuomba. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akarudi tena, na tena, hata Kibo akakasirika, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka hivyo hadi leo. Kijana aliyelelewa kwa hadithi hiyo huona aibu kubisha hodi kwa mtu asiyemjua. Msafiri peke yake hana budi kuishinda aibu hiyo, na pia kujifunza kiasi: kuomba mara moja, kushukuru, na kuondoka mapema.

Mwalimu huyo akishaipita Taveta, barabara itamwingiza katika nyika ya Tsavo, ambako tembo huvuka wapendapo, na kufika Maktau, mahali palipojulikana katika vita vya 1914 hadi 1918. Hapo na asimame, ageuke nyuma. Kwao Moshi amezoea kuiona Mawenzi ikiwa kando, upande wa kulia, na Kibo ikitawala. Kadiri alivyokwenda mashariki, Mawenzi imesogea mbele ya Kibo, na mlima aliouona tangu utotoni sasa una sura asiyoijua. Atabaki pale kitambo, maji yakiwa nusu chupa.

Kisha kuna vilima vya Bura, na jua la alasiri mgongoni, na mteremko mrefu wa kuingia Voi ambao unalipa jasho la kutwa nzima. Akifika atatafuta chumba, ataingiza baiskeli ndani pamoja naye, atanawa vumbi. Kesho yake kuna kilomita zipatazo 150 hadi Mombasa, na tairi la nyuma linahitaji upepo.