Nani Anapewa Darasa la Sita?

Maoni ya leo yanahusu ofisi ya mkuu wa shule, na nani anayeingia humo.

Hapa kwetu Beni, Butembo na Lubero, mashariki mwa Congo, majina ya Kinande hayafichi kitu. Ukisoma orodha ya wakuu wa shule kwenye ofisi ya kordinasio ya shule za makanisa au ya Sous-PROVED, mkuu wa elimu wa eneo, huhitaji picha. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Mumbere: hao ni wanaume. Masika, Kahindo, Kanyere, Kavugho: hao ni wanawake. Siku ukipita huko, isome. Kidole chako kitateremka kwa akina Kambale muda mrefu kabla hakijamgusa Masika, na huyo Masika mara nyingi atakuwa na neno “Sista” mbele ya jina lake. Kisha ingia shule ya msingi ya mtaa wako, uchungulie darasa la kwanza na la pili. Huko Kambale ndiye wa kutafutwa.

Sasa hawa mama walimu wanapotelea wapi, kati ya darasa la kwanza na ofisi ya direkta, mkuu wa shule ya msingi?

Wengi hujibu haraka kwamba ni mila, mwanamke wa Kinande ni wa nyumbani. Jibu hilo mimi silikubali, na aliyewahi kufika soko la Butembo naye asilikubali. Mama mfanyabiashara wa Butembo anapanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou kununua vitenge na viatu. Anatafuta nafasi kwenye kontena, anabishana na watu wa forodha pale Kasindi, analala njiani na mzigo wake, anarudi na kuwalipa wanaomdai. Hakuna anayemsimamisha kumwuliza ugali utapikwa na nani. Mume wake mwenyewe anambebea mfuko mpaka kwenye gari. Lakini mama huyo akiwa mwalimu, jina lake likitajwa kwa kazi ya direkta, ghafla sote tunakumbuka kwamba ana watoto wadogo. Mila gani hiyo, inayolala sokoni na kuamka shuleni?

Tuifuate njia yenyewe hatua kwa hatua. Kila mwezi wa tisa direkta anagawa madarasa. La kwanza anapewa mama, kwa sababu watoto wadogo, wanasema, wanahitaji uvumilivu na mtu wa kuwafuta makamasi. La tano na la sita anapewa mwanaume, kwa sababu huko ndiko kwenye mtihani wa Taifa, ENAFEP, ule ambao wengi bado tunauita TENAFEP. Mgawanyo huo unaonekana hauna ubaya. Ila matokeo ya mtihani ndiyo yanayoipa shule jina, ndiyo yanayowavuta wazazi, na ndiyo yanayomfanya inspekta akumbuke mwalimu fulani. Huyo wa darasa la sita ndiye anayeachiwa funguo direkta akisafiri. Anajifunza takwimu, anajifunza daftari la fedha, anajifunza jinsi barua ya kwenda Sous-PROVED inavyoandikwa. Direkta akihamishwa au akistaafu, jina la kwanza mezani ni lake.

Na yule mama? Amekuwa na darasa lililojaa mpaka dirishani tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019. Anapokea watoto ambao hawajawahi kushika kalamu, wengi wanasema Kinande tu nyumbani, na mwisho wa mwaka wanasoma. Hakuna kazi ngumu kuliko hiyo katika shule nzima, na haina mtihani wa Taifa wa kuionyesha. Anastaafu akiwa pale pale alipoanzia, tena akisifiwa kwa upole wake.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani, walimu zaidi ya watatu kati ya wanne ni wanawake. Lakini wakuu wa wilaya za shule, watu ambao kwa kiasi wanafanana na PROVED wetu, mkuu wa elimu wa jimbo, uchunguzi wa mwaka 2020 ulikuta wanawake ni robo tu na kidogo. Sababu moja inayotajwa huko ni ile ile: wanawake wanaongoza shule za watoto wadogo, ilhali wakuu wa wilaya wanachukuliwa kwa walioongoza sekondari. Kila nchi ina darasa la sita lake.

Kwa upande wa sekondari, tusisahau tulikotoka. Wabelgiji waliwafundisha wasichana wetu kushona, kupika na kutunza nyumba. Congo ilipata uhuru mwaka 1960 bila mwanamke hata mmoja mwenye digrii ya chuo kikuu. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza chuo kikuu cha Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 alikuwa tayari waziri. Huku kwetu, Université Catholique du Graben ilifunguliwa Butembo mwaka 1989. Kabla ya hapo binti aliyetaka lisansi mara nyingi ilimbidi aende Bukavu, Kisangani au Kinshasa, na mzazi mwenye nauli ya mtoto mmoja alimtuma mvulana. Kwa hiyo kuna wakati ilikuwa kweli kusema wanawake wenye lisansi hawapo. Leo wapo. Wanafundisha Kifaransa, biolojia na hesabu katika taasisi zetu za sekondari, huku tukiendelea kurudia maneno ya mwaka 1975.

Nije kwa masista, na hapa nisieleweke vibaya. Oblates de l'Assomption na Petites Sœurs de la Présentation wametulelea mabinti kwa miongo mingi. Wametuonyesha kwamba mwanamke anaweza kuongoza shule, kushika fedha zake, na kumwita mwalimu mwanaume aliyechelewa akajieleza. Hoja ya uwezo ilikufa zamani, na masista ndio walioizika. Lakini sisi tulijifunza nusu ya somo. Tulimkubali mwanamke asiye na mume wala mtoto, na mwenye mume tukamwachia watoto wadogo. Tena sista akitumwa mbali ana shirika nyuma yake: anakuta nyumba, wenzake, chakula. Mama Kahindo akitumwa mbali anapewa barua tu.

Na kutumwa mbali ndiyo ngazi yenyewe. Direkta mpya mara nyingi haanzii katikati ya mji, anaanzia shule ndogo ya kijijini. Kijiji hicho ni kipi leo? Mbau, Eringeti, Kamango, Manguredjipa. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 tunazika watu wetu waliochinjwa na waasi wanaoitwa ADF, na kuna shule zilizohama na wanafunzi wake mara zisizohesabika. Mwanaume naye anauawa, najua. Lakini mwanaume anaweza kuiacha familia Beni akaenda peke yake, na jamii ikamwita jasiri. Mama akifanya hivyo anaitwa aliyetelekeza watoto. Akikataa, faili lake linaandikwa kwamba alipewa nafasi akaikataa, na halifunguliwi tena.

Na majina ya wanaopendekezwa kuwa wakuu wa shule yanatoka wapi? Shule zetu nyingi ni za makanisa, kwa mkataba uliotiwa saini na Serikali tarehe 26 mwezi wa pili mwaka 1977. Serikali inalipa na kupanga masomo, Kanisa linasimamia na kupendekeza wakuu. Kordinasio ya Kikatoliki mara nyingi iko mikononi mwa padri, ya Kiprotestanti mikononi mwa mchungaji. Padri hawezi kuwa mwanamke, na hilo redio hii haitalibadilisha. Lakini meza ile ina viti vingine: washauri, makatibu, watu wanaotayarisha mafaili. Hivyo havihitaji upadri. Na nafasi ikibaki wazi, mara nyingi haibandikwi popote. Inazungumzwa baada ya misa, au wanaume wakiwa wamekaa jioni, saa ambayo mama mwalimu yuko jikoni. Anasikia habari siku mwenzake anapotambulishwa. Na akibahatika kupewa yeye, wiki hiyo hiyo maneno ya pembeni yanaanza: alimpa nani nini? Wengi wenye uwezo wamekataa kazi kwa kuogopa maneno hayo tu, na wanaoyasema ni pamoja na wanawake wenzao.

Sheria haina tatizo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inataka usawa katika vyombo vya Taifa, na sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 2015 inaueleza zaidi. Zamani Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kufunga mkataba wa kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Hata hivyo bado wapo viongozi wa shule wanaotaka kumsikia mume kwanza. Bwana direkta aliulizwa lini kama mke wake amekubali?

Juu kabisa mambo yamebadilika. Waziri Mkuu, tangu 2024, ni Judith Suminwa Tuluka. Elimu ya Taifa mwaka huo huo ilikabidhiwa kwa Raïssa Malu, mwanafizikia. Wengine wakiona hayo wanasema basi, vita imekwisha. Lakini waziri hagawi madarasa Mulekera, wala hachagui prefe wa shule ya sekondari ya Lubero. Kati ya Kinshasa na darasa la kwanza kuna ngazi za katikati, direkta, prefe, inspekta, kordinasio, Sous-PROVED, na hapo ndipo mama zetu wanapokosekana. Nasi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 tuko katika hali ya dharura, mameya na wakuu wa wilaya wakiwa wanajeshi na polisi, kazi ambamo wanawake wenye vyeo vya juu ni wachache. Mlango wa shule ni mmoja wa milango michache ya uongozi iliyobaki wazi kwa raia.

Tangu Goma, makao makuu ya jimbo letu, ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo inafanyia kazi hapa Beni. Ofisi tulizokuwa tukizifuata kwa safari ndefu ziko mtaani kwetu, na vyama vya akina mama vinaweza kwenda kwa miguu kuzibishia hodi.

Ninayoomba ni madogo, hayangoji fedha za mfadhili. Kordinasio zibandike kila nafasi inayobaki wazi, kwa siku za kutosha, kwenye ukuta ambao kila mwalimu anauona. Mama anayekubali shule ya kijijini apewe nyumba kabla ya barua. Madirekta wa shule za msingi, mwezi wa tisa unapofika na mnagawa madarasa, mpeni mama mmoja darasa la sita, na mkisafiri mwachieni yeye funguo. Nanyi wazazi wa kamati, kwenye mkutano wa kwanza wa mwaka, ulizeni mbele ya wote: darasa la sita limepewa nani, na kwa nini? Direkta ajibu, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.